Kuipiga hendeli Ford ya babu bila kuvunjika mkono

Gari ya babu iko bandani kwetu Wete, Pemba, na kila sikukuu hutokea kijana wa ukoo akataka kuiendesha. Ana leseni, Unguja anaendesha gari ya automatiki, anadhani atakaa tu aondoke. Kwa ajili yake naandika haya.

Ni Ford Model T ya 1921, usukani kulia, haina stata: huwashwa kwa kuzungusha hendeli, kile chuma kilichopinda mbele ya injini. Imetoka Kanada, kwa sababu Ford za makoloni ya Mwingereza zilitengenezwa Walkerville, Ontario. Babu aliinunua kuukuu, akaipakia magunia ya karafuu. Ami yangu ndiye aliyenifundisha, na hakunipa hendeli mpaka nilipoweza kuitaja kila hatua kwa mdomo.

Anzia chini ya gari. Oili haina kijiti cha kupimia. Nyuma ya injini utaona koki mbili, moja juu na moja chini. Fungua ya chini: ikitoa oili, waweza kuwasha. Ikitoa hadi ya juu, imejaa, usiongeze. Maji jaza rejeta mpaka shingoni, kwani hamna pampu. Maji huzunguka kwa joto lake yenyewe. Petroli iko chini ya kiti, nyanyua mto uchovye kijiti cha mbao, kisha fungua koki yake.

Vuta breki ya mkono nyuma mpaka mwisho. Inakamata magurudumu ya nyuma na papo hapo inaachanisha klachi. Ukiisahau, injini ikiwaka gari itakujia nawe umesimama mbele yake. Mimi huweka na jiwe kwenye magurudumu.

Chini ya usukani mna vijiti viwili. Cha kulia ni cha petroli, kishushe meno matatu au manne. Cha kushoto ni cha moto, nacho kipandishe juu kabisa ili plagi zichelewe kupiga. Kikibaki chini, plagi hupiga kabla pistoni haijafika juu, injini inarudi kinyume na hendeli inakupiga. Hapa ndipo watu walipovunjika mikono, basi kiangalie mara mbili.

Swichi ikiwa bado imezimwa, vuta kile kiwaya cha choki chini ya rejeta na zungusha hendeli taratibu mara mbili tatu, injini inywe petroli. Achia kiwaya, washa swichi upande wa betri. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisiizunguke. Isukume ndani ishike, ianzie chini, ivute juu kwa mkupuo mmoja. Usiikandamize kwenda chini hata siku moja. Ukivuta juu kwa kushoto, ikirudi kinyume inakuponyoka tu vidoleni.

Ikikataa wakati wa masika, usihangaike na kabureta. Koili zake nne, zinazozipa plagi umeme, zimo ndani ya visanduku vya mbao, na mbao hunywa unyevu. Zichomoe, zianike juani kama unavyoanika karafuu, uzirudishe. Mara nyingi hilo tu ndilo lililokuwa tatizo.

Imewaka? Geuza swichi kwenye magneto, yaani umeme unaotolewa na injini yenyewe, shusha kijiti cha moto pole pole mpaka injini itulie.

Sasa sahau pedeli unazozijua. Ya kulia ni breki. Ya kati ni ya kurudi nyuma. Ya kushoto ndiyo gia: ukiikanyaga mpaka chini ni gia ndogo, ukiishika katikati gari iko huru, ukiiachia ni gia kubwa. Kuondoka, ishike katikati, peleka breki ya mkono mbele, ikanyage mpaka chini huku ukiongeza petroli kwa mkono. Ikishachukua mwendo, punguza petroli kidogo na uiachie. Gia zake hazikwaruzani hata ukikosea, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Henry Ford aliitoa 1908 kwa wakulima wa Marekani, watu ambao jana yake walikuwa wakiendesha farasi kwenye tope. Ndiyo maana imenyanyuka juu ya ardhi na ikaziweza njia zetu za mashamba. Kisha 1913, kiwandani Highland Park, wakaanza kuziburuta chasisi ziwafuate wafanyakazi pale walipo. Chasisi iliyochukua zaidi ya saa 12 kuungwa ikafika dakika 93. Bei iliyoanzia dola 850 ikashuka hadi dola 260 mwaka 1925, na hadi 1927 zilishatoka milioni 15. Kwa bei ile ya mwanzo, gari isingefika mikononi mwa mtu kama babu.

Milima nayo. Unguja pengine usingelijua hili, lakini Pemba ni kupanda na kushuka tu. Petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake, haisukumwi na chochote. Tanki likiwa na kidogo, pua ya gari ikiinuka, petroli haifiki, injini inazimika katikati ya mlima. Dawa ni kugeuza gari ukapanda kinyumenyume: tanki linakuwa juu ya injini, na gia ya kurudi nyuma ina nguvu kuliko hata ile ndogo. Ami alipanda hivyo na magunia mgongoni mwa gari, shingo ameigeuza, na watu njiani walimpisha. Mtu mmoja ashuke atembee nyuma kukuangalizia njia.

Ukimaliza, zima swichi na ufunge koki ya petroli, kabureta inavuja. Magurudumu ni ya mbao, na upepo wa kaskazi huyakausha mpaka yakalegea. Ukiyasikia yanalia, yamwagie maji jioni. Asubuhi yatakuwa yamekaza.