Namna ya Kuisoma Picha ya Starehe za Nyumbani ya Karne ya 18

Unapoitazama picha ya mchoraji François Boucher ya mwaka 1739, iliyoko katika jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris, inayoonyesha familia tajiri ya Ufaransa ikipata kifungua kinywa, usianze na nyuso, bali anza na mikono: mwanamke mmoja anamnyooshea mtoto kijiko, na mwanamume amesimama akiwa ameshika birika.

Kisha inua macho. Ukutani pana saa iliyonakshiwa na kioo kikubwa, na rafuni pamekaa sanamu ndogo ya mtindo wa Kichina, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu zaidi, kwa kuwa inaiingiza biashara ya mbali ndani ya chumba kinachoonekana kujitosheleza.

Mwisho, linganisha na William Hogarth wa Uingereza, aliyechora takriban mwaka 1743 nyumba ya wanandoa wa tabaka la juu: kiti kimepinduka, msimamizi anaondoka na hati za madeni, na mbwa mdogo ananusa kofia ya kike inayochungulia mfukoni mwa bwana aliyejibwaga kitini. Kofia hiyo itazame kwa makini, kwani si ya mkewe.