Kutumia sini na kosini kwenye rasta ya uelekeo wa miteremko: mfano wa Bududa

Anayeandaa ramani ya miteremko ya Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, hukutana mapema na rasta ya uelekeo, yaani tabaka la miraba midogo (seli) linaloonyesha kila seli inatazama wapi kwa nyuzi, kuanzia 0 kwa kaskazini na kuzunguka kama mishale ya saa hadi 360. Tatizo la tabaka hilo ni kwamba nyuzi 350 na nyuzi 10 zote hutazama kaskazini, ilhali wastani wake wa kawaida ni 180, ambao ni kusini kabisa. Dawa yake ni kuigawa pembe katika sehemu mbili, ya kaskazini na ya mashariki.

Anza na modeli ya mwinuko, yaani rasta yenye kimo cha ardhi katika kila seli. Data ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, yenye seli za takriban mita 30 inatosha kwa kazi ya ngazi ya wilaya. Kwa kuwa huja katika latitudo na longitudo, ihamishie kwanza kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 36 Kaskazini (msimbo wake ni EPSG:32636), la sivyo kimo kitakuwa katika mita na umbali katika nyuzi, na hesabu ya mteremko itaharibika. Kisha tengeneza katika QGIS, programu ya ramani, tabaka la mteremko na la uelekeo, yote kwa nyuzi.

Fungua kikokotoo cha rasta uandike fomula hizi, kila moja ikitoa tabaka lake ("uelekeo@1" ni bendi ya kwanza ya tabaka la uelekeo):

kaskazini: cos("uelekeo@1" * 3.14159265 / 180)

mashariki: sin("uelekeo@1" * 3.14159265 / 180)

Sehemu ya kuzidisha na kugawanya ni ya lazima, kwa sababu kikokotoo husoma pembe kwa radiani, kipimo ambacho nyuzi 180 ni sawa na 3.14159265. Ukiisahau hakitalalamika hata kidogo: kitakupa rasta yenye thamani kati ya -1 na 1, inayofanana na sahihi. Ndiyo maana sikabidhi tabaka kabla ya kubofya seli inayotazama mashariki, yenye uelekeo wa 90. Katika tabaka la kaskazini inapaswa kusomeka karibu na 0, ukikuta -0.448, umesahau radiani.

Seli tambarare hazina uelekeo. Programu nyingine huzipa -1 na nyingine -9999, nazo kosini huzipokea kama pembe halali, hivyo zitangaze kuwa hazina data kabla ya kukokotoa.

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi za mbali na ikweta hutilia mkazo tabaka la kaskazini kwa ajili ya mwanga wa jua. Bududa iko takriban nyuzi 1 kaskazini mwa ikweta, na jua hupita kaskazini mwake mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tabaka la mashariki, linalotenganisha jua la asubuhi na la alasiri, ndilo la kutazamwa kwanza.

Ukitaka kukuza seli kutoka mita 30 hadi 90, tafuta wastani wa kila tabaka peke yake, kisha urudishe pembe kwa kikokotoo cha GDAL, mkusanyiko wa zana za kuchakata rasta, A ikiwa mashariki na B kaskazini:

arctan2(A, B) * 57.29578

Mashariki hutangulia kwa sababu pembe inapimwa kutoka kaskazini. Matokeo huwa kati ya -180 na 180, hivyo ongeza 360 kwa kila thamani hasi.