Harusi Nairobi: geti linafungwa saa ngapi?

Wachumba wakiniita kwenye kamati huwa wamekwisha kuchagua rangi. Wengine wana hata picha ya keki kwenye simu. Mimi huwauliza geti linafungwa saa ngapi, nao hutazamana.

Nauliza kwa sababu siku hizi kila mtu anataka harusi ya msituni, ya mbugani au ya kwenye nyasi za nyumba ya kale, na Nairobi inazo zote tatu ndani ya mipaka ya jiji. Ni neema ambayo miji mikuu mingi haina. Lakini ukumbi wa hoteli umejengwa ukimngojea bi harusi aliyechelewa. Msitu una askari mwenye ufunguo, na jioni anataka kwenda kwake.

Basi ratiba ya harusi ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Chukua saa ya kufunga, tuseme saa kumi na mbili jioni. Wenye mahema, viti na sufuria wanahitaji saa moja na nusu hivi kufungasha na kutoka, kwa hiyo sherehe yako inaisha saa kumi na nusu. Zawadi na keki zianze saa tisa. Chakula kiwe mezani saa saba. Ibada ikichukua muda wa saa mbili, na safari ikiwemo, basi mnaingia kanisani saa nne kamili, si saa nne ya Nairobi. Hapo bi harusi ameketi mbele ya mpambaji tangu saa kumi na moja alfajiri. Ukiona hesabu haikubali, badilisha mahali au ufupishe hotuba. Nilikuwa katika kamati moja iliyokataa kufupisha hotuba za wajomba. Keki tuliikata nje, kwenye maegesho, taa za magari zikitumulika, bi harusi ameshika viatu mkononi. Askari wa geti tulimpa kipande.

Suala la pili ni mwezi. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Aprili ya 2024 mafuriko yalifunga barabara na kuhamisha watu jijini humu humu, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hema linatosha. Uliza gari la hema lenyewe litapita wapi ardhi ikilowa. Julai haina mvua nyingi lakini ina baridi. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wageni kutoka Mombasa hufika na vitambaa vyepesi, wakakaa wamekunja mikono hadi mwisho. Agosti na Desemba watoto wako nyumbani na jamaa wa mbali wanaweza kusafiri, ndiyo maana tarehe hizo hushikwa mapema mno. Januari na Februari jua ni zuri na nyasi bado kijani, ila Januari ndiyo ile Njaanuari tunayoijua, na mchango wa Njaanuari ni ahadi tu. Wakatoliki watazame pia Kwaresima na Waislamu Ramadhani kabla ya kulipa pesa ya kushika tarehe. Nimeona watu wakilipa kwanza, kisha wakamwona padri.

Sasa mahali penyewe. Karura watu huita msitu wa Wangari Maathai, na wana haki: mwishoni mwa miaka ya 1990 alipigania usigawanywe viwanja, na Januari 1999 yeye na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti. Leo ni zaidi ya hekta 1,000 za miti, zenye maporomoko ya maji na mapango. Anayekwenda kufunga ndoa humo azingatie mambo ambayo picha hazionyeshi. Msitu una mageti kadhaa, upande wa Limuru Road na upande wa Kiambu Road, na kati ya moja na jingine kwa gari ni safari kamili ya kuzunguka. Kadi ya mwaliko ikiandika "Karura" peke yake, nusu ya wageni watakuwa kwenye geti lisilo lenu. Andika jina la geti, na umweke kijana wa kupokea watu hapo. Kisha fikiria nyanya mwenye magoti mabovu: kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti chake ni hatua ngapi, na njia ni ya namna gani?

Halafu kuna plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga na fuo zinazohifadhiwa: chupa za maji, sahani, vikombe, vijiko, mirija. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku nchi nzima mwaka wa 2017. Mwenye chakula akizoea harusi za ukumbini atafika na katoni arobaini za maji ya chupa, na zote zitabaki getini. Mwambie kwa maandishi alete maji kwenye mitungi na bilauri za kioo. Mpambaji naye aache vile vikaratasi vya kung'aa. Petali za maua zinatosha na hakuna atakayezikataa.

Kima na tumbili ni sura nyingine. Wako Karura, wako Arboretum, ile bustani ya miti, na hawajawahi kusoma kadi ya mwaliko. Meza ya keki isiachwe bila mtu hata dakika tano. Nilishuhudia kima akishuka, akapita sambusa zote akizitazama tu, akachukua ndizi ya pambo na kuangusha meza nzima. Mpiga picha alikuwa anabadilisha lenzi.

Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua haraka na kuwa kuni za garimoshi. Garimoshi halichomi kuni tena, miti imebaki, na maharusi wengi hupita hapo kupiga picha tu kati ya ibada na chakula. Ni wazo zuri mradi mtenge saa moja, mlipe ada ya kupiga picha bila kubishana, na mkumbuke jirani: Ikulu. Mtu asirushe droni hapo. Kwa kweli droni popote Nairobi si jambo la kubahatisha. Anayeirusha anahitaji idhini ya Mamlaka ya Safari za Angani, na ukifanyia harusi Lang'ata au Karen uko karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Mpiga picha akikuambia "hiyo niachie mimi", mwombe akuonyeshe vibali.

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ni ya mwaka wa 1946, kilomita 117 za mraba, na hakuna picha ya harusi inayoshinda ile ya shela jeupe na twiga nyuma, na nyuma ya twiga maghorofa. Ndani mna sehemu za mandari, na mojawapo ni pale pembe za ndovu zilipochomwa: tani 12 mwaka wa 1989 chini ya Rais Moi, tani 105 Aprili 2016 chini ya Rais Uhuru Kenyatta. Mimi binafsi naona ni mahali pazito kwa harusi, lakini nimekutana na wachumba waliopachagua kwa sababu hiyo hiyo. Kila mgeni hulipiwa kiingilio, na asiye raia hulipa zaidi, kwa hiyo shangazi aliyekuja na mumewe kutoka Ujerumani aingie kwenye bajeti. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si noti mkononi; lipeni ya kundi zima mapema mkiwa na orodha, la sivyo foleni ya getini itakula ibada. Na wageni wawe kwenye basi moja au mawili. Gari dogo la mjomba likikwama njia ya ndani, mjomba haruhusiwi kushuka kulisukuma, kwa sababu ambazo simba wanazijua.

Nyumba za kale zina madai yao. Ile ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, ilijengwa mwaka wa 1912, Denmark ikaikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, na tangu 1986 ni makavazi. Nyasi zake na vilima vya Ngong kwa mbali vimefungisha ndoa nyingi. Katika mahali kama hapo mnakodi bustani, si nyumba: usiahidi kwamba bi harusi atavalia chumbani wala kwamba mtapigia picha kitandani. Uliza kama vigingi vya hema vinaruhusiwa kuchimbiwa, jenereta itakaa wapi, mishumaa inakubaliwa au la, na kama watalii wa kawaida wataendelea kupita siku hiyo. Vyoo vilijengewa wageni wa makavazi, si watu mia tatu waliokunywa soda. Kodisheni vya ziada. Wanawake waambiwe kabla kwamba ni nyasi, waje na viatu vya kisigino kipana.

Kwa harusi ndogo ninaipenda Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka wa 1913, mkabala na Nyayo House. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa enzi za ukoloni. Kwa picha za ngazini na watu thelathini inatosha. Kwa watu mia mbili usijaribu.

Spika ni ugomvi wa kila wiki. Kuna kanuni za kelele za mwaka wa 2009, kuna kibali cha kaunti, na kuna masharti ya mahali penyewe, ambayo mara nyingi ndiyo makali kuliko yote. Msituni unaweza kuambiwa spika ndogo tu, au usiwe nayo. Emsii wako ajue, na bendi ijue kabla haijapokea malipo ya awali. Familia nyingi sasa hugawa siku: mchana bustanini kwa utulivu, usiku ukumbini kwa wale wa kucheza hadi asubuhi. Inagharimu mara mbili, lakini angalau hakuna anayezimiwa muziki katikati ya ngoma ya kwao.

Yote hayo ni sherehe tu. Ndoa yenyewe iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 2014. Kwa ndoa ya kiserikali, notisi hutolewa kwa msajili, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu pale Sheria House, na iwe imetolewa siku 21 au zaidi kabla ya ndoa, lakini isizidi miezi mitatu. Mkitoa mapema mno inapitwa na wakati, mkichelewa tarehe inawapita. Wanaofunga ndoa kanisani watazame ratiba ya matangazo, mafunzo ya wachumba na cheti cha ubatizo, kwani baadhi ya parokia huhesabu miezi na si wiki. Mhubiri rafiki yenu anayetaka kuwafungisha chini ya mti awe na leseni ya kufungisha ndoa. Mulizeni msajili mapema kama ndoa inaweza kufungwa mahali mlipopachagua, na kama ni yeye atakayekuja, nani atamsafirisha. Ikiwa mmoja si Mkenya, aanze kutafuta hati ya kuonyesha hana ndoa nyingine akiwa bado kwao. Siku yenyewe mnahitaji vitambulisho, mashahidi wawili walio hai na wanaofika kwa wakati, na kalamu. Nimesema kalamu kwa sababu.

Kamati mnazijua. Kundi la WhatsApp, mweka hazina mwenye moyo wa jiwe, na orodha ya ahadi inayorefuka kuliko ile ya malipo. Sheria yangu ni kwamba pesa ya mahali, ya chakula na ya vyoo itoke mfukoni mwa wachumba au kwenye mchango uliokwisha kuingia. Mapambo na keki ndivyo vingoje ahadi. Mahali pa serikali hapakopeshi, na bila risiti hakuna geti litakalofunguliwa. Idadi ya watu nayo isiwe ya kubahatisha. Shughuli ni watu, ndiyo, lakini bustani iliyopewa kibali cha watu mia na hamsini haitanuki kwa sababu binamu amekuja na chama chake kizima.

Jamaa wa pwani wakija kwa reli ya SGR watashukia Syokimau, nje ya jiji, kwa hiyo mtu awapokee. Tiketi za Desemba ziwahiwe. Kanisa likiwa katikati ya jiji na sherehe Karen, pitieni njia hiyo Jumamosi moja kabla, saa ile ile, kwa gari la kawaida, mkiwa na saa mkononi. Nendeni pia mahali penyewe saa ya ibada, msimame pale mtakaposimama, mwone jua linampiga nani usoni.

Na mchague mapema mtu wa kubaki nyuma hadi taka ya mwisho iokotwe, ahesabu viti, atie saini na kuchukua risiti ya kurudishiwa amana. Asiwe dada wa bi harusi, maana ngoma ikianza ukumbini ataacha kila kitu. Mimi humpa kazi hiyo mtu asiyependa kucheza, nikamwekea sahani yake ya pilau kando, imefunikwa.