Jetiski na kiongozi, Golfe-Juan hadi Cap d'Antibes: hatua kwa hatua kwa anayepanda mara ya kwanza

Mama mmoja wa Tanga, aliyekuja Ufaransa kumtembelea binti yake, alisimama gatini kwetu asubuhi moja ya Juni. Akaikagua jetiski, ile pikipiki ya majini, mbele na nyuma, kisha akaniuliza: “Mwanangu, breki iko wapi?”

“Mama, hii haina breki.”

Akanyamaza kidogo. “Sasa inasimamaje?”

Natamani kila mgeni angeanza na swali hilo. Wengi huanza kwa kuuliza inakimbia kiasi gani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa misimu saba ya kiangazi nimekuwa nikiwaongoza watu kwa jetiski kwenye ghuba hii ya Golfe-Juan, pwani ya kusini mwa Ufaransa, katikati ya Cannes na Antibes. Nimeandika mwongozo huu kwa anayetaka kujaribu mara moja, akiwa na kiongozi mbele yake, bila leseni na bila uzoefu wowote. Kama umewahi kuendesha pikipiki, soma hatua ya nne mara mbili, kwa sababu mazoea ya pikipiki ndiyo yatakayokuponza.

Hatua ya 1: Chagua mwezi na saa

Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda. Julai na Agosti ghuba hujaa mashua za matajiri, na kila mashua kubwa ikipita huacha mawimbi yanayokwenda kila upande. Mgeni akikutana na mawimbi ya mashua tatu kwa mpigo, raha humwishia.

Saa nzuri ni asubuhi, saa tatu au saa nne. Wakati huo bahari huwa imelala. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo wa baharini huamka na maji huanza kukunjamana. Upepo maarufu wa Ufaransa ya kusini ni mistral, unaoshuka kupitia bonde la mto Rhône, lakini nguvu yake kubwa huishia magharibi, upande wa Marseille. Huku kwetu wa kuangaliwa zaidi ni upepo wa mashariki. Ukivuma, Golfe-Juan yenyewe hukingwa na rasi ya Antibes, yaani Cap d'Antibes, ila ukiizunguka tu ncha ya rasi, unakutana nao uso kwa uso. Siku kama hiyo kiongozi mzuri hubadilisha njia au huahirisha safari. Akiahirisha, mshukuru.

Jambo moja litamshangaza mtu wa pwani yetu: hapa hakuna kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi. Mombasa na Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kila safari hupangwa kwa kuyatazama. Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka sentimita chache tu, kwa hiyo hapa saa ya kutoka huamuliwa na upepo.

Maji nayo ni baridi kuliko unavyodhani. Mwezi wa Mei huwa karibu nyuzi 17, na Agosti hufika 24 au 25. Mtu aliyezoea maji ya Nyali atatetemeka.

Hatua ya 2: Weka nafasi, na uulize maswali haya

Kwa sheria ya Ufaransa, kuendesha jetiski peke yako kunahitaji leseni ya vyombo vya baharini. Safari ya kundi inayoongozwa na mwalimu aliyeidhinishwa haihitaji leseni, lakini anayeshika usukani lazima awe amefikisha miaka 16. Mdogo zaidi anaweza kupakiwa nyuma, kama ana uzito na nguvu za kujishikilia.

Uliza kiongozi mmoja anachukua jetiski ngapi. Zikiwa tatu au nne, atakuona. Uliza pia saa moja waliyoitangaza ni saa moja majini, au ndani yake mna maelezo na kuvaa. Halafu uliza dhamana: ni kiasi gani kitakachoshikiliwa kwenye kadi yako, na ni uharibifu gani ambao bima hailipi. Ukifika, piga picha za jetiski pande zote kabla ya kuipanda. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi kituo kingine, na niliwahi kuona mgeni akidaiwa mkwaruzo ambao mimi mwenyewe niliuona wiki moja kabla yake. Hakuwa na picha.

Kama una mimba, au mgongo umekuwa ukikusumbua, ngoja wakati mwingine. Jetiski hudundisha uti wa mgongo hata bahari ikiwa tulivu. Na pombe, hata glasi moja ya chakula cha mchana, hapana.

Hatua ya 3: Vaa ipasavyo

Utapewa jaketi la kuokoa maisha. Likaze hadi mtu akikuvuta mabegani lisipande mpaka masikioni. Likipanda, omba dogo zaidi.

Chini vaa suti ya mpira, hata kama jua linawaka. Baridi ni sababu mojawapo tu. Jetiski husukumwa na maji yanayotoka nyuma kwa kishindo kikubwa. Ukiangukia nyuma ya mkondo huo ukiwa na nguo nyepesi ya kuogelea tu, maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu na kukuumiza vibaya ndani, na wanawake wako hatarini zaidi. Watengenezaji wenyewe wameliandika onyo hili kwenye kibandiko, ila viongozi wengi huwaonea wageni haya na hawalitamki. Mimi hulisema kila safari.

Nywele ndefu zifunge. Kanga, kitenge cha kujifunga kiunoni, mtandio wenye ncha ndefu: viache ufukweni. Hijabu ya michezo haina tatizo lolote, chomeka tu ncha zake ndani ya jaketi. Chini ya jetiski kuna tundu linalofyonza maji, na kitambaa kikivutwa humo, injini hubanwa na wewe unakwama katikati ya bahari.

Hatua ya 4: Jifunze gatini kabla ya kuondoka

Hapa usikubali kuharakishwa.

Jetiski haina usukani wa nyuma kama ule wa ngalawa au boti. Ndani yake mna pangaboi dogo lililofichwa kwenye bomba. Linafyonza maji kutoka chini na kuyatema nyuma kupitia mdomo mwembamba. Ukikata kona, unachogeuza ni mdomo ule. Kwa hiyo maji yakitemwa kwa nguvu, jetiski inageuka. Ukiachia mafuta, maji hayatemwi, na hata ukizungusha usukani mpaka mwisho, chombo kitaendelea kuteleza kulekule kilikokuwa kikielekea.

Mtu wa pikipiki akiona kitu mbele yake, huachia mafuta na kukwepa. Kwenye jetiski ukiachia mafuta umepoteza kukwepa. Nimeona kijana mwenye miaka mingi ya bodaboda akielekea kwenye boya mchana kweupe, kaachia mafuta, kazungusha usukani wote, na jetiski inakwenda moja kwa moja kama mshale. Alilipiga. Namshukuru Mungu lilikuwa boya la plastiki, si mwogeleaji.

Kwa hiyo mwombe kiongozi akufanyishe zoezi hili penye nafasi: nenda taratibu, chagua mahali pa kugeuka, vuta mafuta kidogo, geuka, kisha ndipo upunguze. Rudia kulia na kushoto. Baadhi ya jetiski mpya, kama Sea-Doo nyingi, zina kishiko cha breki upande wa kushoto. Kinasaidia, lakini jifunze kana kwamba hakipo. Jetiski iliyokuwa kasi huteleza makumi ya mita kabla ya kutulia, na hilo ndilo jibu nililompa yule mama: inasimamishwa na maji, kwa hiyo uamuzi wa kusimama unafanywa mapema.

Kisha kuna kamba ya kuzimia injini. Upande mmoja umechomekwa kwenye chombo, upande wa pili unafungwa mkononi kwako au kwenye jaketi. Ukianguka, inachomoka na injini inazima. Ifunge kabla ya kuwasha, kila mara, hata kama unasogea mita mbili tu.

Hatua ya 5: Mita 300 za kwanza

Kutoka ufukweni hadi mita 300, mwendo wa juu unaoruhusiwa Ufaransa ni noti 5, yaani takriban kilomita 9 kwa saa. Utapita kwenye njia iliyowekewa maboya ya njano. Kaa ndani ya maboya. Watu hulalamika hapa kwamba ni polepole mno, lakini nje ya maboya kuna vichwa vya waogeleaji, na kichwa cha mtu majini, jua likiwa usoni, hakionekani mpaka uwe karibu nacho sana.

Usiwashe injini mpaka maji yafike kiunoni. Penye kina kifupi bomba hufyonza mchanga na changarawe.

Chini yako, maji yakiwa safi, utaona mabaka meusi. Hayo ni majani ya posidonia. Si mwani, ni mmea wa kweli wenye mizizi na maua, na aina hii haipatikani bahari nyingine yoyote. Samaki huzaliana humo, na mmea wenyewe hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga ya mashua kubwa inang'oa kwa dakika moja kile kilichomea kwa miaka mingi, na ndiyo maana mashua kubwa zimepigwa marufuku kutia nanga juu yake.

Hatua ya 6: Bahari wazi

Boya la mwisho likipita, kiongozi atainua mkono, kisha ataongeza mwendo. Mfuate nyuma kwa nafasi, mita 50 au zaidi, wala usikate njia ya mwenzako. Tazama mbali, si maji yaliyo mbele ya omo, yaani pua ya chombo.

Wimbi likija, usilipande kwa kasi. Punguza kidogo, lielekee kwa pembe, inuka kitini magoti yakiwa yamekunjwa, uache miguu ifanye kazi ambayo mgongo usingeiweza. Aliyepakiwa nyuma amshike dereva kiunoni na ainame anakoinamia dereva. Vidole visifinye usukani kwa nguvu. Wageni wengi hawaumwi mgongo wala miguu kesho yake, huumwa viganja.

Njia yetu fupi inafuata rasi ya Antibes. Kwanza misonobari, halafu majumba yaliyojificha nyuma ya kuta, halafu mwamba mweupe unaoshuka wima majini. Kwenye ghuba inayoitwa ya mabilionea tunazima injini dakika tano. Kimya hicho ndicho watu hunisimulia baadaye: maji ya kijani yanapiga mwamba, na mnara wa taa wa Garoupe uko juu kilimani.

Njia ndefu inaelekea visiwa vya Lérins mbele ya Cannes. Kwenye kisiwa cha Sainte-Marguerite utaiona ngome alimofungwa mtu wa barakoa ya chuma tangu 1687 hadi 1698, ambaye mpaka leo wanahistoria wanabishana alikuwa nani. Kusini mwa kisiwa, tangu 2021, kuna sanamu sita chini ya maji, na vyombo vya injini haviruhusiwi hapo. Tunapita mbali. Bahari ikiwa njema, kwa mbali magharibi unaona miamba ya Estérel, myekundu kama udongo wa Voi baada ya mvua.

Wakitokea pomboo, punguza mwendo. Usiwafuate. Maji haya yamo ndani ya hifadhi ya nyangumi na pomboo iliyoundwa na Ufaransa, Italia na Monaco kwa mkataba wa 1999, na umbali unaotakiwa ni mita 100. Wakitaka, watakuja wenyewe.

Hatua ya 7: Ukianguka

Utaanguka, au hutaanguka, haidhuru. Jaketi litakuinua. Ogelea hadi upande wa tezi, yaani nyuma, na upandie hapo. Ukipandia ubavuni utaipindua. Dereva apande kwanza, akae, ndipo abiria apande. Injini iwe imezima mpaka wote mmekaa.

Ikiwa imepinduka, tafuta kibandiko chenye mshale nyuma yake. Igeuze kwa kufuata mshale huo tu. Ukiigeuza kinyume, maji yanaweza kuingia kwenye injini. Ukishindwa, inua mkono na ungoje. Kiongozi anageuka kuhesabu watu wake kila mara. Yeye ana redio, na anajua kuwa namba ya uokoaji baharini Ufaransa ni 196.

Hatua ya 8: Kurudi gatini

Uchovu huja dakika za mwisho, na makosa mengi hutokea hapa, gati likiwa limeshaonekana. Ukifika kwenye maboya ya njano, rudi kwenye mwendo wa taratibu. Panga mstari wako kuelekea gatini ukiwa bado na nafasi, usogee bila kuongeza mafuta, na uzime injini ukiwa umebakiza mita chache. Baada ya kuzima huna usukani tena, kwa hiyo mstari uwe umenyooka kabla. Miguu iache ndani. Usinyooshe mguu kuzuia chombo cha kilo mia tatu na ushee kisigonge gati.

Yule mama wa Tanga alirudi wa mwisho katika kundi, kwa sababu alianza kupunguza mapema kuliko wote. Jetiski ikaja yenyewe, ikaligusa gati kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebisha hodi. Akachomoa ile kamba mkononi mwake, akanikabidhi.

“Kumbe inasimama,” akasema.