Kufuga farasi-bahari nyumbani: poza maji kwanza, nunua samaki baadaye

Farasi-bahari hana meno wala mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula. Akila, chakula humpitia upesi, kwa hiyo hula mara nyingi na kuchafua maji mara nyingi. Uchafu huo ukikaa kwenye maji ya moto, bakteria wa jamii ya vibrio hushamiri na kumuua. Hatua hizi karibu zote ni za kuzuia hilo.

1. Tangi. Kwa anayeanza, chagua aina ya farasi-bahari iitwayo Hippocampus erectus, ambaye ni mstahimilivu. Jozi moja ipate lita 110 au zaidi. Angalia kimo kuliko upana: maji yawe na kina cha angalau mara tatu ya urefu wa samaki aliyenyooka, yaani sentimita 45 kwa samaki wa sentimita 15. Wakipandana hupaa wima pamoja huku jike akimtilia dume mayai kwenye mfuko wake. Maji yakiwa mafupi, mayai hudondoka.

2. Maji. Koroga takriban gramu 35 za chumvi ya akwaria kwa kila lita ya maji yaliyochujwa yasiyo na klorini. Chumvi ya jikoni haifai. Kesho yake pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi) uwe 1.023 hadi 1.025.

3. Likomaze tangi. Weka mawe na kichujio, tia chanzo kidogo cha amonia ili bakteria wema wanaovunja uchafu wazaliane, kisha subiri wiki 4 hadi 6 bila samaki. Amonia na naitraiti zikisoma 0, na naitreti ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, tangi liko tayari. Hapa ndipo wengi hukosa subira.

4. Joto. Lenga nyuzi 20 hadi 23. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi chache tu. Dar es Salaam au Mombasa, chumba kikiwa na nyuzi 30, haitoshi. Hapo unahitaji mashine ya kupozea maji, na kama bajeti haifiki, ahirisha ununuzi wa samaki. Yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haiondoki na mvuke.

5. Vishikio. Mkia wake ni mkono wake. Mpe mwani, matawi ya plastiki au kamba nene. Usiweke kiumbe anayechoma, kama anemoni, wala kaa. Midomo ya pampu ivishwe sponji, kwani mkia huvutwa ndani ukajeruhika.

6. Kununua. Chukua waliozaliwa kwenye matangi, na muombe muuzaji awalishe kamba waliogandishwa mbele yako. Asiyekula dukani, muache. Usivue kwenye majani ya bahari: wa porini mara nyingi hukataa chakula kilichokufa na huja na vimelea. Isitoshe, farasi-bahari wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004, hivyo kuwavusha mpaka kunahitaji kibali.

7. Kulisha. Mara 2 au 3 kwa siku. Yeyusha kamba wadogo aina ya maisisi, wasuuze, zima pampu, kisha waweke kwenye kombe la chaza mahali palepale kila siku. Mkubwa mmoja hula 6 hadi 10 kwa mlo. Artemia, kamba wadogo wengine wanaouzwa kama chakula cha samaki, peke yake haina lishe ya kutosha. Baada ya nusu saa nyonya mabaki kwa mrija na uwashe pampu. Kila wiki badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji, na usafishe sponji zile za pampu.

Dalili za kuwahi. Dume anayeelea mkia juu ana hewa kwenye mfuko wa uzazi. Madoa meupe, ngozi inayobanduka au pumzi za haraka huashiria bakteria: mhamishie tangi la wagonjwa, shusha joto polepole hadi nyuzi 20 na umpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akigoma kula siku nzima, pima amonia kabla ya kubadilisha chakula.