Namna ya kumwomba radhi mtu uliyemvunjia heshima

Kabla hujafungua kinywa, jua kwanza umemtenda nini mwenzako, maana lugha yetu haikuyatia mambo haya katika kapu moja. Kuna haya, yaani soni, ambayo humzuia mtu kabla hajatenda. Aibu humpata kwa jambo lake mwenyewe, hata asipoonwa. Fedheha haiwi fedheha mpaka wawepo watazamaji. Na kudhalilishwa hakukosi mtendaji, yaani yupo aliyemshusha mwenzake chini ya utu wake. Asiyetofautisha hayo huishia kusema "pole kwa yaliyotokea", kana kwamba ni mvua iliyonyesha.

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikiwapo, kufuli mbili zilipungua kwenye hesabu, na tajiri, kijana bado, akamwamuru mzee mtunza ghala ageuze mifuko ya suruali mbele ya wateja, wapakiaji na mama wa chai. Ilitoka leso na ufunguo. Kufuli zilionekana baadaye nyuma ya madebe ya rangi. Tajiri akamwita ofisini, akafunga mlango, akamsogezea noti mbili za elfu kumi, mzee hakuzigusa. Jioni ile, na kila jioni iliyofuata, alisimama mlangoni kabla ya kutoka, akageuza mifuko yake mwenyewe bila kuambiwa.

Kosa la pili la tajiri lilikuwa kuufunga mlango ule. Heshima iliyovunjwa mbele ya watu huungwa mbele ya watu walewale, kwa sababu kilichoharibika si moyo wa mzee peke yake, bali pia jina lake vinywani mwa wapakiaji. Basi wakusanye walioshuhudia, ulitaje kosa waziwazi: "Mzee wangu, nilikushuku wizi mbele ya watu hawa, nikakupekua. Hukuiba. Nimekukosea, niwie radhi." Usiongeze "lakini", wala usisimulie hasira ulizokuwa nazo. Fedha, kama zipo, zingoje siku nyingine, zisije zikaonekana bei ya utu wake.

Kanuni hiyo hugeuka pale ulipotoboa siri ya mtu, kama maradhi au deni. Hapo kusimama tena hadharani ni kumvua nguo mara ya pili. Mwendee faraghani, ukiongozana na mtu mzima anayeijua siri hiyo tayari, kisha ufunge mdomo.

Sheria nayo ipo: ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Mimi ningeiacha kwa siku ambayo suluhu imeshindikana.

Mwisho, usimuulize "umenisamehe?", kwani unamlazimisha ajibu watu wakimtazama. Mzee yule aliombwa radhi Jumamosi, mbele ya wote, mama wa chai akiwemo. Akaitikia kwa kichwa, na akaendelea kugeuza mifuko hadi Alhamisi.