Jinsi ya kuandika mapishi ya bibi yasipotee

Ukimuuliza bibi mkate wa kumimina unapikwaje atakwambia "mchele kiasi, tui la kutosha, sukari uonje", na hakufichi kitu, kipimo chake kiko mkononi, kwa hiyo usimkalishe sebuleni umuhoji, ingia nae jikoni siku anayopika kweli.

Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Bakuli la mchele liweke juu yake, soma, mwache achote kama alivyozoea, soma tena, ile tofauti ndo kipimo chake na wala hujamsumbua. Tui lipitishe kwenye jagi lenye mistari kabla halijaingia, na uandike ni tui la kwanza au la pili, maana ukiandika "nazi moja" tu, kuna nazi kubwa na kuna vinazi. Iliki akishaitia kiganjani mwombe aimimine kwanza kwenye kijiko. Siku ya pilau akitaja bizari muulize ipi, nyembamba au ya manjano.

Kwenye hamira hapo ndo pa kutulia. Usiandike "acha saa moja uumuke" ukaishia hapo, kwa sababu Tanga mwezi wa kwanza na joto lile, na Arusha mwezi wa saba na baridi ile, uji wa mkate hauumuki sawa hata kidogo, andika kile anachokiangalia yeye, labda viputo vimejaa juu, labda ukikoroga unausikia mwepesi. Moto nao vilevile, kama anapalia makaa juu ya mfuniko andika, wengi wanairuka hiyo afu mkate unaungua chini juu bado mbichi. Simu iwe inarekodi pembeni muda wote, ile sauti yake akielekeza ni mali kubwa jamani.

Baada ya hapo upike wewe kwa kufuata daftari tu, yeye aonje. Akisema uji umekuwa mzito unarekebisha hapo hapo.

Kitabu chenyewe kaunta buku inatosha kabisa, kila pishi na ukurasa wake, juu andika ni la nani, yeye alifundishwa na nani, na lilikuwa linapikwa lini, Idi, futari au arusini. Tumia peni ya kawaida, zile za jeli nyingi zikiguswa na maji zinachuruzika. Ukimaliza piga picha kurasa zote utume kwenye grupu la familia, halafu toa fotokopi, hiyo ndo ikae jikoni ipate mafuta, daftari lenyewe lifungie kabatini.